KIDOLE CHA SAMBAZA KWENYE LENSI YANGU!!!

Jicho la Himbi: Naandika mikono ikitetemeka. Mnamjua. Yule yule asiyejua hodi. Ameingia parseleni, uani kwangu, akaweka KIDOLE kwenye lensi ya teleskopu yangu. Kidole chenye mafuta ya sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu!

Leo mwezi ni nusu. Mstari wa kivuli umekata katikati, jua linapiga yale mashimo makubwa ya mwezini, Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel, kwa ubavu, kila shimo lina giza kama kisima. Mwezi mpevu haukupi hayo, unakuwa bapa kama sahani. Juma zima mawingu, leo Goma imefunguka, nimegeuka tu nichukue simu niifunge pale. Huyo anakuja anatafuna. "Munachunguliaka wapi?" Na kidole, pwaa!

Mafuta yale yangetosha kukaanga ndoo nyingine ya sambaza. Picha 40, zote ukungu. Kesho kivuli kimeshasogea, na mpaka kirudi pale pale ni siku 29 na nusu. 29 na nusu, kwa kidole!

Halafu ananifundisha: "Hizo ni volkano tu, kama Nyiragongo." Uongo! Mdomo wa Nyiragongo ni kilomita moja na kitu. Ptolemaeus inapita 150, na ni jiwe la angani lililogonga pale. Hilo ningemsamehe. Kidole, hapana.

Chukudu Bila Breki: Si upanguse na shati, yaya?

Jicho la Himbi: SHATI? Na hili vumbi letu la lava? Unataka nikwaruze kioo!

Chukudu Bila Breki: Mtu mzima analilia mwezi. Utatoka tena, pole.

Binti Keshero: Sambaza alinunua wapi? Huku fungu limekuwa la kulisha paka.

Ndosho Juu: Afadhali kidole. Jirani yangu ana projekta ukutani, umeme ukirudi chumba changu kinakuwa uwanja wa mpira. Nyota sijaziona tangu Pasaka.

Binti Keshero: Kwenu umeme unarudi?? Sisi leo siku ya tatu. Na bili wameleta.

Jicho la Himbi: Jamani, KIDOLE.

Ndosho Juu: Bili ya ngapi, dada? Yetu imepanda mara mbili.