Breki za nyuma kwa gari la mbio: nani kabadili, kapata nini? Tupeane uzoefu

Boksa wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Nimetafuta uzi unaohusu breki za nyuma peke yake sijaona, kila mahali ni breki za mbele, kwa hiyo naanzisha huu.

Gari ni Impreza WRX. Mbele nimeshafunga kalipa (vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni nne na diski za milimita 294, niko vizuri. Nyuma bado ni zile za kawaida: diski nyembamba ya 266, kalipa ya pistoni moja inayotembea kwenye pini. Sasa kuna jamaa ana kalipa za nyuma za kampuni ya Brembo zilizotoka kwenye STI, ile Impreza kali zaidi, diski za 316, bei yake inaongea. Gari nataka niivushe Namanga niende nikacheze kwenye uwanja wa mbio wa Whistling Morans pale Athi River, na Mungu akijaalia KiambuRing, yale mashindano ya kukimbizana na saa kule Kiambu. Nataka kusikia kwa aliyefunga, akakimbia, akaona. Siyo aliyetazama video.

Kijiti

Nipo hapa kwenye kiti cha mbele, nasubiri Wakenya waje na Starlet zao.

Mwana Kiambu

Kijiti umeniita, nimekuja, na Starlet nayo iko hapo nje.

Yangu ni EP82. Nyuma ilikuja na dramu, zile breki ambazo viatu vinapanuka ndani ya ngoma, na kila msee aliniambia dramu ni za akina nyanya, toa weka diski. Nikapata ekseli ya nyuma yenye diski, ikafungwa, nikafurahi mpaka siku ya kwanza uwanjani. Ukienda kwenye kona kali na mguu uko kwenye breki, nyuma inajamu kabla ya mbele. Hauskii chochote kwa pedali. Unaskia usukani umekuwa mwepesi ghafla, halafu unaona ulikotoka.

Ikabidi nikae chini na karatasi. Starlet ni kama kilo 800, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.3. Ukikadiria kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka ardhini, ukikanyaga breki kali zaidi ya kilo 150 zinahama kwenda mbele. Na nyuma ilikuwa na kilo 300 tu gari likiwa limesimama! Kwa hivyo hapo kwa kona tairi mbili za nyuma zinabeba kilo mia moja na hamsini kwa jumla, uzito wa wazee wawili wa kanisa. Wewe unazipelekea breki za kusimamisha Prado.

Wakati huo ndio nilijua kwa nini Toyota walikuwa wameridhika na dramu.

Boksa wa Kimara

Ukarudisha dramu au ukafanyaje? Kuna wanaosema unaweka ile valvu ya kupunguza presha ya nyuma, unaizungusha kwa mkono tu.

Mwana Kiambu

Hapo ndipo watu wanauziwa upepo, buda. Ile valvu moja ni ya gari ambalo bomba moja linakwenda mbele na lingine linakwenda nyuma. Starlet bomba zake zimekatana msalaba: mbele kulia na nyuma kushoto ni laini moja, mbele kushoto na nyuma kulia ni laini nyingine. Valvu moja ukiiweka kwa laini ya nyuma kushoto, nyuma kulia inabaki na presha yake yote. Gari linavuta upande mmoja kila ukikanyaga. Unahitaji mbili, na zifunguliwe sawasawa, ama ubadilishe mpangilio mzima wa bomba kuanzia kwa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Na ukiziunganisha laini zote mbili zipite kwa valvu moja, umeua usalama, kwa sababu bomba likipasuka huku, huko pia mafuta yanakwisha.

Mimi niliacha diski lakini nikaweka pedi za nyuma zisizo kali, za barabarani kabisa, mbele nikaweka za mbio. Ikatulia. Kwa uwanja wa kuzunguka utaona tofauti mapema.

Na Boksa, hiyo Impreza yako pia ni ya msalaba. Angalia kabla haujanunua valvu.

Fundi Mkongwe

Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nimeshazeeka.

Niko Gerezani na hizi Subaru zinapita mikononi mwangu kila wiki. Boksa, kabla hujatoa hela nenda na rula. Handbreki ya Subaru haiko kwenye kalipa, iko ndani ya diski: katikati pale kuna dramu ndogo na viatu vyake. Kwa Impreza yako dramu hiyo ni ya milimita 170. Kwa STI ya Brembo ni 190. Maana yake diski ya STI ukiivalisha, viatu vyako havigusi popote, unavuta handbreki mpaka juu na gari linateremka zake. Wanaofunga haraka haraka hawasemi hilo. Wanakwambia "weka gia, paki". Kwa hiyo ama utafute sahani ya nyuma na viatu vya 190, kazi ambayo inataka kutoa habu na beringi, ama utafute diski ya 316 iliyotengenezwa na tundu la 170. Zipo, ila uagize.

La pili, nati. STI hadi 2004 ni tano kwa 100 kama yako, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia 2005 zimehamia 114.3. Diski ikitoka kwenye STI ya 2005 hairudi kwenye habu yako hata ukiiombea dua.

La tatu, rimu. Kama unatembelea 16, Brembo hazitaingia. Anzia 17, na hata hapo siyo kila 17.

La nne ndilo watu hawaamini. Pistoni mbili zinazotazamana hazina nguvu mara mbili ya pistoni moja. Ile kalipa yako ya pini, pistoni inasukuma pedi ya ndani, na mwili wa kalipa unavutwa kurudi kusukuma pedi ya nje kwa nguvu ileile. Kwa hiyo pistoni mbili zinazotazamana na hiyo moja, zikiwa na kipenyo kimoja, ni nguvu moja. Kinachoongeza ni ukubwa wa diski: kutoka 266 hadi 316, kwa pistoni na pedi zilezile, unapata kama moja ya tano zaidi. Pistoni ikiwa ndogo kuliko ya zamani, unaweza ukafunga vyote hivyo na nguvu ikabaki palepale. Pima pistoni, usihesabu.

Kijiti

Fundi, sasa hizo Brembo zina kazi gani, mbali na kung'aa kwenye rimu?

Fundi Mkongwe

Joto. Diski yako ya 266 ni chuma kimoja kitupu. Ya STI ni nene, ina njia za hewa katikati. Ile nyembamba ukiikimbiza mizunguko kadhaa bila kupumzika inabadilika rangi kuwa bluu, na pedi ya kawaida inaanza kutoa harufu ya kuungua halafu inateleza. Hapo kuna maana. Lakini mtu anayekwenda kukimbia dakika mbili tatu halafu anapaki kwenye kivuli, hilo joto hana.

Mama Miata

Wapendwa, mimi niko Uingereza, naendesha MX-5 ile ya kwanza, injini ya 1.6, siku za uwanjani Brands Hatch mara nyingi. Naungana na Fundi kwa asilimia zote, lakini niongeze kitu kimoja: usiguse nyuma peke yake.

Mazda wenyewe walipoleta injini ya 1.8 waliongeza breki zote kwa pamoja. Mbele kutoka 235 hadi 255, nyuma kutoka 231 hadi 251. Milimita ishirini huku, ishirini kule. Mizani ikabaki ilivyokuwa. Ndivyo nilivyofanya: nikanunua seti nzima ya 1.8 iliyotumika, kalipa nne, diski mpya, pedi za aina moja pande zote. Gari halikubadilika tabia hata kidogo, isipokuwa sasa pedali haizami tena mwishoni mwa kipindi.

Kwa nini nasisitiza mizani? Brands Hatch kuna kona ya kwanza, Paddock Hill. Unakanyaga breki ukiwa juu ya kilele, halafu ardhi inakukimbia, inashuka kulia. Sekunde hiyo nyuma ya gari iko tupu. Mwenye breki za nyuma zilizozidi anajulikana hapo, wala huhitaji kumuuliza.

Halafu kuna jambo dogo ambalo limewapotezea watu pedi nyingi. Kalipa ya nyuma ya MX-5 hairudishwi kwa klempu kama ya mbele. Handbreki iko ndani yake, na pistoni inashikwa na skrubu. Nyuma ya kalipa kuna boliti fupi ya 14, ukiitoa utaona tundu, ndani yake unaingiza ufunguo wa pembesita wa milimita 4. Zungusha mpaka pistoni irudi ndani, vaa pedi, kisha kaza mpaka tairi ligome, halafu legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huku ukisikia pedi inagusa kwa mbali. Ukiliacha na nafasi kubwa, pedali inakwenda chini, na utanunua masta silinda bure ukidhani ndiyo mbovu. Magari mengine pistoni ya nyuma inarudi kwa kuizungusha huku unaisukuma. Ukiilazimisha kwa klempu unavunja utaratibu wa ndani.

Boksa wa Kimara

Asante sana dada. Mafuta ya breki unatumia gani? Huku wengi wananiambia DOT 4 inatosha.

Mama Miata

DOT 4 nzuri inatosha mwanzo, ila iwe mpya. Kiwango chake cha chini ni kuchemka kwa nyuzi 230 ikiwa kavu, na 155 ikishanyonya maji. Tofauti hiyo ndiyo pedali yako. Kopo lililofunguliwa mwaka jana likakaa gereji, limwage. Na usichukue DOT 5 ukadhani ni kubwa kuliko 4. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi. Ya kupanda daraja ni 5.1.

Msafiri wa Dubai

Salaam alaykum wote. Nimesoma, mimi kisa changu ni kinyume na vyenu.

Nina Toyota 86. Kiwandani tayari nyuma ni 290, mbele 294, karibu sawasawa. Nikaenda Dubai Autodrome, ule mzunguko mrefu wa kilomita 5.39, usiku maana mchana huku haufai. Narudi naangalia pedi: mbele ziko nusu, nyuma zimeisha, zimebaki chuma. Nikasema basi breki za nyuma ni ndogo, natafuta za pistoni mbili za Subaru, ambazo kwa 86 watu wengi wanafunga.

Bwana mmoja mzee wa Kihindi mwenye karakana Sharjah akaniuliza swali moja tu: ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze ulikuwa umewaka? Ulikuwa umewaka. Akacheka. Kila nilipotoka kwenye kona na mguu kwenye gesi, kompyuta ilikuwa inabana breki ya nyuma, tairi hili mara lile, ili gari lisizunguke. Mimi sikuwa nakanyaga breki. Gari ndilo lilikuwa linakanyaga.

Siku nyingine nikauzima, nikaendesha kwa adabu zaidi. Pedi za nyuma zikarudi kuisha polepole kuliko za mbele, kama inavyotakiwa. Kalipa za Subaru sikununua. Kwa hiyo mwenye gari la miaka hii, kabla hujaongeza breki uliza nani anazitumia.

Mwana Kiambu

Hiyo ni noma. Na ukitoa fyuzi ya ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijamu, ndio uzime kila kitu, kumbuka kwa magari mengi ndiyo hiyo hiyo kompyuta inagawa breki kati ya mbele na nyuma. Ukiitoa, nyuma haina mlinzi.

Jirani ya Boksa

Mimi nitawapinga wote kidogo. Ninayo WRX kama ya Boksa, nimefunga Brembo nne za STI, mbele 326 nyuma 316, na masta silinda ya STI. Gari linasimama vizuri, moja kwa moja, na ABS haiingii mapema. Siyo kwamba Brembo za nyuma ni mbaya. Ubaya ni kununua mbili za nyuma kwa sababu ndizo zilizopatikana. Kununua nne au kutonunua, hapo ndipo mjadala uwe.

Boksa wa Kimara

Nimewaelewa. Nimempigia jamaa, anasema za mbele pia anazo, na gari lililotolewa ni la 2003. Rangi ya dhahabu imegeuka kahawia, na moja pistoni yake "nzito kidogo". Anasema ikioshwa inalainika.

Fundi Mkongwe

2003 ni tano kwa 100, hapo sawa. Kahawia siyo uchafu, ni joto, hizo zimekimbizwa. Hiyo nzito mwambie aitoe pistoni mbele yako. Mwili wa kalipa ni aluminiamu. Kuta za ndani zikiwa na michirizi au vishimo, msasa hausaidii, utaongeza nafasi na mafuta yatavuja. Kuta zikiwa safi, tatizo ni mipira, na seti ya mipira inauzwa. Akikataa kuitoa, umeshapata jibu.

Uje nazo Jumamosi asubuhi kabla ya jua, nikupimie hizo pistoni.