Tupeane uzoefu: michezo ya skuli, waamuzi mnawapata wapi na wangapi ndo wanatosha?

Chokaa_Nyeupe: Assalaam alaykum wanajamvi. Mie mwalimu wa michezo huku Kaskazini Unguja. Mwezi ujao tuna michezo ya skuli sita za jirani, siku moja tu, mpira, netiboli, wavu na riadha, hapo ndo tunachagua timu ya kwenda mbele kwenye tamasha la Elimu Bila Malipo. Nimetakiwa nipeleke orodha ya waamuzi, mkubwa wangu kanambia "weka wanne, watazunguka". Watazunguka vipi na mpira na netiboli zinaanza pamoja saa mbili asubuhi? Kabla sijamjibu naomba walokwishaifanya kazi hii wanambie walikuwa wangapi na ilikwendaje. Ya kwenye vitabu nnayo, nipeni yalokukuteni.

Filimbi_Wete: Waalaykum salaam. Wanne hao ni mechi moja ya mpira, imekwisha. Refa, wa vibendera wawili, na mmoja mezani anaandika kadi na wanaoingia. Hapo hujapuliza netiboli wala hujamtuma mtu chokaa.

BiNetiboli: Netiboli waamuzi wawili na hapa sibishani na mtu. Kila mmoja ana nusu yake ya uwanja na laini yake ya pembeni, anakwenda nayo mpaka nyuma ya goli, hakai katikati kukimbizana na watoto. Mezani mtu wa magoli na mtu wa saa, maana zile robo nne zina muda wake hata mkizipunguza kwa ajili ya jua. Kuna mwaka nilipuliza peke yangu mechi nzima, mwenzangu kaitwa jikoni akapike pilau la wageni, na filimbi yake ipo shingoni! Mie nikabaki nageuka kama feni, huku mtoto kapiga hatua, kule mlinzi kamsimamia mpigaji puani, sikuona hata moja na kelele zote nikazipata mie. Walimu wanaume wamekaa chini ya mwembe wanakunywa soda, hata mmoja hakuitwa kumenya vitunguu.

Ukhti_wa_Dunga: Ya kupikishwa hii ni kweli tupu.

Kijana_Jangombe: Ila dada yangu na chakula nacho ni sehemu ya michezo, watu wakila vizuri hawagombani.

BiNetiboli: Basi kapike wewe, mie nikapulize.

Kijana_Jangombe: 😂😂 nimekoma

MkaaPembeni: Jamani mada hii imenitoa mbali, nilikuwa nasoma kimya kimya ila leo ntaandika. Huku kwetu Pemba, upande wa Micheweni, skuli siitaji. Riadha, alasiri, uwanja wenyewe munaujua zile nyanja za mawe juu mchanga kidogo, chokaa iliisha tukamalizia laini na jivu la jikoni. Walimu wa kusimamia walikuwa watano. Mmoja wa kuanzisha mbio na vibao vyake viwili, wawili kwenye mwisho wa mbio na saa, mmoja kuruka juu, na mmoja mkuki. Huyu wa mkuki ndo aite majina, ndo aangalie mguu usivuke laini, ndo aende na futi kupima, ndo arudi kuandika. Kule unakoangukia mkuki hakuna mtu. Nikasema mimi, nikajibiwa "watoto wenyewe wanaogopa, hawatopita".

Sasa ikafika fainali ya kupokezana vijiti, mita mia mara nne, skuli mbili zenye ugomvi wao wa siku nyingi. Uwanja mzima umesimama. Watoto waliokuwa upande wa juu wakaona hawaoni, wakakata njia mbio kupitia pale pale kwenye mkuki ili wafike mwisho wa mbio. Na nyuma yao yumo mzee wa barafu na baiskeli yake, jaba la kuwekea barafu kalifunga kwenye keria, na yeye anafuata wateja wake, ana haki. Mwalimu wa mkuki kainama anasoma futi, uso chini. Kuna kijana ilikuwa zamu yake, kasikia makelele "haya! haya! haya!" ya wanaoshangilia vijiti, yeye akajua anaambiwa yeye. Akakimbia akaurusha.

Wallahi ule mkuki niliuona tangu unapaa. Ulikwenda vizuri kuliko yote ya siku ile, hilo nalo liandikwe. Watoto waliokwishapita wamepita, waliobaki nyuma wakaganda, na mzee wa barafu kageuka nyuma kumrejeshea mtoto chenji yake. Ukaingia kwenye jaba, kwa juu, ukatokea ubavuni. Baiskeli ikalala. Na barafu zilikuwa za ubuyu, nyekundu tupu, maji yakamwagika chini mpaka kwenye miguu ya mzee. Mama mmoja akapiga ukelele "wamemuuwa!" na hapo ndo ikawa basi, watu wanalia, mmoja kazimia, mzee mwenyewe anajipapasa tumbo anatafuta palipotoboka.

Na wale wawili wa saa? Wamegeuza shingo kwenye ukelele, kama ambavyo mimi na wewe tungegeuka. Wakimbiaji wa mwisho wakaingia wamelingana kifua, hakuna aliyeona. Hakuna. Skuli zote mbili zikabeba mtu wao juu. Ikataka kupigwa ngumi, mara irudiwe, mara watoto wamechoka, tunabishana mpaka adhana ya magharibi ikatutawanya. Mtu mmoja na kibendera chekundu kule chini angeliokoa jaba na fainali pamoja. Tangu siku ile nikiulizwa wangapi wanatosha, huanzia kule unakoangukia mkuki, kisha ndo nakuja kwenye filimbi.

Filimbi_Wete: Innalillahi.

Ukhti_wa_Dunga: Subhanallah mwili umenisisimka. Mzee alikuwa mzima?

Muhogo_Chumvi: Barafu zililipwa na nani?

MkaaPembeni: Mzee mzima, hata mkwaruzo hana. Barafu tulichanga walimu.

Muhogo_Chumvi: Na jaba?

MkaaPembeni: Jaba alikataa tusilinunue jipya. Kaziba lile lile, akawa anauzia nalo, watoto wanakuja kulitizama.

Maalim_Mkwajuni: Ndo maana mie nasema mkuki utolewe maskulini kabisa. Mtoto anataka mpira na mbio, mkuki wa nini.

Tufe_Zito: Maalim kwa heshima zote, mkuki umekosa nini hapo? Alokosekana ni mtu. Mkuki na tufe vinataka watu watatu, wa laini, wa kule chini na kibendera, na mwandishi. Kibendera chekundu kipo juu hata kama mtoto ni mjukuu wa nani harushi. Utatoa mkuki, kesho tufe litamwangukia mtu mguu utatoa tufe, mwisho tubaki na kukimbia na magunia.

Maalim_Mkwajuni: Magunia nayo watoto wanafurahi.

Tufe_Zito: Haya.

Saa_Mkononi: Turudi kwa mwenye mada, masikini ametupwa. Mie kazi yangu ni saa na naomba niwaambie, watu wanadhani saa ni kubonyeza tu. Sheria ya saa za mkono, mshindi anapigwa na saa tatu, inachukuliwa ile ya katikati. Zikilingana mbili ndo hizo. Ukiwa na mbili tu zikatofautiana, unachukua ile ilotoa muda mrefu zaidi, sio ile tamu. Na wa saa hasubiri kusikia, anatizama! Bastola ni moshi wake, vibao ni pale vinapokutana. Mwanzo wa mita mia uko mbali, sauti inakufikia imeshachelewa karibu thuluthi ya sekunde, kwa hiyo ukingoja mlio mtoto wako anakuwa bingwa wa Afrika na hana habari. Basi wa vibao avae kofia ya rangi na avinyanyue juu ya kichwa, sio anavipiga kifuani.

Sasa sie kuna siku tulitumia simu. Mwenzangu simu ikamuita watu wamebakisha mita ishirini, mkewe, akapokea! "Nakuja, nakuja, mkate nitanunua." Mtoto wake wa laini ya nne hana muda mpaka leo.

Kijana_Jangombe: Angeliacha kupokea angelala nje 😂

WaMkoani: Vijiti pia musisahau kila penye kupokezana pana mtu wake. Ziko sehemu tatu. Sie tulimuweka mmoja azikimbilie zote.

Kibendera_B: Mie natofautiana na nyote. Waamuzi wa kweli chukueni wachache, wa kulipwa, wale wa chama cha wilaya, kazi ndogo ndogo wapeni kidato cha tatu. Vijana wanaweza kushika futi, kuandika, kushika saa, tena macho yao mazima kuliko yetu. Wafundishe siku mbili kabla. Na mpira mukikosa wa vibendera, kila skuli itoe wake ila refa awaambie mapema, wewe nioneshe mpira umetoka basi, ofsaidi niachie mwenyewe.

Filimbi_Wete: Kidato cha tatu wa skuli gani? Mwenyeji? Atamuandikia mwenzake sentimita za ziada na hutojua.

Kibendera_B: Wa skuli isocheza mchezo ule. Si ngumu.

Filimbi_Wete: Skuli sita zote zinacheza kila kitu, soma mada.

Kibendera_B: Basi wapeni wazazi.

BiNetiboli: WAZAZI? 😳 Mzazi nimewahi kumuona kaingia uwanjani kumfunga mwanawe kamba ya kiatu mpira unachezwa.

Filimbi_Wete: Na hao wa kulipwa ndo maneno. Tunaitwa kwa simu usiku, "njoo utusaidie kesho", unafika nauli yako, maji yako, unapuliza mechi tatu kwenye jua bila kupumzika, ya nne unaona nyota, jioni unapewa shukurani na dua. Mzee Karume alitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, hakutangaza urefa bure.

Muhogo_Chumvi: 🤣🤣 hii nakwenda kuiweka stetasi

Maalim_Mkwajuni: Mwenye mada punguza michezo. Riadha ifanye siku ya pili, watu wale wale wa mpira watashika saa.

Tufe_Zito: Siku ya pili ina gari na chakula chake Maalim, nani analipa?

Chokaa_Nyeupe: Ahsanteni sana, nimesoma yote. Nimepiga hesabu na kalamu: mpira wanne, netiboli wanne na meza yake, wavu wawili wa filimbi, mwandishi na wawili wa laini, riadha sijaimaliza nimeshavuka ishirini, na wa huduma ya kwanza nimemuweka mbali asishike kitu chengine. Nimempelekea mkubwa, kacheka, kasema nikate ibaki kumi. Mkuki nimempigia hesabu watu watatu, hapo sikati.

Ukhti_wa_Dunga: Huyo mkubwa msomee ya mzee wa barafu.

Chokaa_Nyeupe: Nimemsomea. Kauliza jaba lilikuwa bei gani.

WaMkoani: Jamani samahani natoka nje ya mada kidogo, Jumamosi hii tuna mpira na netiboli Kengeja, kibendera mmoja kapata dharura. Nauli ipo, chakula ipo. Mwenye filimbi yake aje nayo, yetu imeingia mchanga.

BiNetiboli: Anapika nani?

WaMkoani: Wanaume.

BiNetiboli: Nakuja.