Tetea amezubaa ghafla na kinyesi ni cha kijani: je, ni mdondo?

Swali

Habari zenu, wafugaji wenzangu. Ninafuga kuku saba wa kienyeji uani, hapa Morogoro. Tangu juzi jioni tetea mmoja, ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa ametaga kama kawaida, amejikunyata pembeni, hagusi pumba wala dagaa, na kinyesi chake ni majimaji ya kijani. Jirani ananishauri niwachinje wote kwa kuwa huo ni mdondo (kideri), ugonjwa wa virusi unaoambukizana haraka kati ya kuku, ingawa niliwachanja mwezi uliopita na wenzake wanakula vizuri. Tetea huyu ndiye niliyeanza naye ufugaji, naomba ushauri.

Jibu

Pole sana, ndugu yangu. Usichinje kwanza. Kesho alfajiri, kabla hajala chochote, mpapase gole, yaani ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, mbele ya kifua. Kuku mzima huamka gole likiwa tupu, kwa sababu chakula cha jana kimeshateremka kwenye firigisi usiku. Likiwa gumu, limeziba. Likiwa laini kama mfuko wa maji na mdomo ukanuka uchachu, chakula kimechachia humo. Kinyesi cha kijani peke yake hakithibitishi mdondo, maana kuku yeyote asiyekula hutoa nyongo.

Jibu

Nakubaliana na mwenzangu, lakini mtenge leo hii. Dalili za mdondo mara nyingi hutokea siku 5 au 6 baada ya kuambukizwa, na zinaweza kuchelewa hadi siku 15, kwa hiyo afya ya wenzake isikutoe wasiwasi mapema. Ukiona kuku anahema kwa shida, shingo inapinda au miguu inapooza, mwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Tafadhali usikimbilie antibaiotiki: haiui virusi vya mdondo, haizibui gole, na mabaki yake huingia kwenye mayai mnayokula.

Muuliza swali

Nimempapasa alfajiri, gole ni gumu kama embe bichi. Nimekumbuka kwamba Jumamosi nilifyeka nyasi ndefu nikaziacha uani zikauka.

Jibu

Basi hizo nyasi ndizo ninazozishuku. Mpe maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya mafuta ya kupikia, kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo kando ya mdomo, ukimpa nafasi ya kumeza, kisha likande gole taratibu kwa dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku. Usimgeuze kichwa chini ili atapike, hata ukishauriwa hivyo, kwa sababu maji huingia kwenye njia ya hewa; mimi nilimpoteza kuku mzuri mikononi mwangu kwa kosa hilo na ninajuta hadi leo. Asile nafaka kwa sasa. Gole lisipopungua ndani ya siku 2, mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kulipasua, kulisafisha na kulishona. Nyasi zile ziondoe leo, na wenzake uwawekee changarawe ndogo za kusaidia firigisi kusaga.