Mjadala: Waliomaliza kundi moja wapewe muda mmoja kwenye ligi yetu ya baiskeli mtandaoni?

Mnyororo wa Lanet: Jana hatua ya tatu nimemaliza ndani ya kundi, gurudumu langu la mbele likilamba la nyuma la mwenzangu. Mchezo ukaniandikia sekunde 7 nyuma ya mshindi. Saba! Pengo halikuwepo popote. Barabarani kundi zima hupewa muda wa aliyelitangulia. Muda mpya huanza pengo likifika sekunde 1, na hatua zinazotarajiwa kuisha kwa mbio za kasi, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, huweza kuruhusu hadi 3. Tuhesabu hivyo kabla ya hatua ya nne.

Jua la Kondele: Sheria hiyo ni ya usalama, ndugu. Watu zaidi ya 100 wakigombania kila sekunde bega kwa bega wataangushana. Wewe uko sebuleni, baiskeli imefungwa kwenye stendi. Utaanguka wapi? Aliyekanyaga zaidi apewe sekunde zake.

Bonde Baridi: Wa Kisumu mtasema hivyo tu. Mmezoea tambarare na baiskeli za abiria, kazi kufyatuka mita 200 za mwisho. Kumkinga mwenzako upepo, naye akukinge, hamjui. Njooni Nakuru mpande mlima Menengai kwanza.

Jua la Kondele: Umesema "baiskeli za abiria" kama tusi. Baba yangu alitulisha kwa baiskeli hiyo. Kiti cha nyuma alikishona mwenyewe, sponji chini, plastiki nyekundu juu, na kila jioni aliosha mnyororo kwa mafuta ya taa kabla hajaingia kula. Na nani kakwambia Kisumu yote ni tambarare? Umewahi kupanda kilima cha Riat ukitokea Mamboleo? Baba alipanda na gunia la mahindi nyuma, akisukuma pale miguu ilipokataa.

Upepo wa Busia: Pole kwa hilo, Kondele. Lakini baiskeli hizo zilitoka kwetu. Mpaka hadi mpaka, abiria na mizigo, ndiyo boda boda yenyewe. Kisumu mlichukua huku.

Kengele: Na Malaba je? Mbona Busia mnajitwalia kila kitu?

Mama wa Njoro: Jameni, tulikuwa kwenye sekunde. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa UCI wa mtandaoni, Desemba 2020, alioshinda Jason Osborne kwa wanaume, ulikuwa mbio moja. Ukishika nafasi yako basi. Sisi tunajumlisha muda wa hatua 6. Tena unachokiona kwenye skrini yako sicho anachokiona mwenzako, maana habari hupitia seva, kompyuta kuu ya mchezo, kwanza. Mtandao ukisuasua hapa Njoro, sekunde moja si ya miguu tena. Kwa hiyo mimi niko na Mnyororo.

Bonde Baridi: Sikumtukana baba ya mtu. Ila Riat ni fupi. Huwezi kuitaja mbele ya mtu wa Nakuru.

Jua la Kondele: Jumamosi saa moja asubuhi, Mamboleo. Njoo na gia zako zote. Mimi nakuja na ya baba, haina gia hata moja.

Mnyororo wa Lanet: Hatua ya nne ni Ijumaa. Sekunde zangu zimefikia wapi?

Upepo wa Busia: Kengele, Malaba walifuata. Kesho nakaa na wazee wa stendi yetu, nitaandika hapa walichosema.