Mvinyo mwekundu wa Ahr: mbona mwepesi na mchachu? Umeharibika?

Binti wa Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma Bonn, Ujerumani, kaja likizo na chupa mbili za mvinyo mwekundu. Lebo inasema Ahr, Spätburgunder, trocken. Juzi tumefungua moja hapa nyumbani Kigoma, tukala na nyama choma. Rangi imepauka, unaona vidole ng'ambo ya glasi. Mchachu, na pombe inapanda puani. Mimi nimezoea waini tamu ya Dodoma. Huu umeharibika njiani? Imebaki chupa moja.

Mhudumu wa Ziwani
Dada, usiimwage! Nimehudumia mvinyo hoteli ya kando ya ziwa hapa hapa Kigoma miaka mingi, na aina hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Spätburgunder ni jina la Kijerumani la zabibu ile ile ya mvinyo mwekundu iitwayo Pinot Noir. Ngozi yake nyembamba, na rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ngozi, kwa hiyo huo wepesi ni wa asili. Trocken maana yake mkavu, sukari kidogo sana. Na Ahr ni bonde dogo, mizabibu yake haifiki hekta 600, karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, kwenye baridi. Kwenye ubaridi zabibu huiva polepole na asidi yake haipotei haraka. Kinachoziivisha ni miteremko mikali inayopata jua na mawe meusi yanayotunza joto la mchana hadi usiku.

Ila hiyo pombe ya puani ndiyo imeniuma. Mliunywa ukiwa na joto la sebuleni, sivyo? Watu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya. Sebule ya Kigoma inafika nyuzi 28! Huu unataka 14 hadi 16. Ukipata moto, pombe hutangulia na matunda hayasikiki tena. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa moja na nusu hivi, au kwenye ndoo ya maji na barafu kama dakika 15.

Mimina kidogo kwenye glasi yenye tumbo, zungusha, nusa kabla hujaonja. Utasikia matunda madogo mekundu, na nyuma yake majani makavu yaliyonyeshewa. Kisha funda dogo, lizunguke mdomoni. Mate yakikujaa pembeni mwa ulimi, huo ndio uchachu wake, na ndio uhai wake.

Chakula? Nenda Kibirizi ukachukue migebuka, upike kwa mawese. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi mwingi ukikutana na samaki huacha ladha ya chuma. Huu ukakasi wake ni mdogo, na uchachu unakata mafuta vizuri mno.

Mnyamwezi wa Isevya
Mkuu umeeleza vizuri, ila sisi wa Tabora waini yetu ni ya Dodoma na hatuioni ya chini.

Mhudumu wa Ziwani
Wala si ya chini, kaka. Dodoma ni nchi ya joto na ukame, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake lazima uwe na tabia nyingine. Ninachokataa ni kuupima mmoja kwa mwingine.

Na dada, soma lebo vizuri. Ukiona Mayschoss, hao ni chama cha ushirika cha wakulima wa mizabibu, kimeanza 1868. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 mafuriko yaliua watu zaidi ya 130 katika bonde hilo na kujaza matope kwenye maghala ya mvinyo. Chupa zilizookolewa ziliuzwa na matope yake, wakachangisha fedha za kujijenga upya. Mimi siwezi kumimina mvinyo wa watu hao bila kuufikisha kwenye baridi yake.

Binti wa Mwanga
Asante sana kaka. Ni Mayschoss kweli! Jumapili baba anakuja, nitapika migebuka. Na ikibaki nusu chupa?

Mhudumu wa Ziwani
Rudishia kizibo, iweke friji hiyo hiyo, uimalize ndani ya siku mbili tatu. Mzee mmiminie wa kwanza.