Tupeane uzoefu: chokaa, nakshi na kemia iliyomo ukutani

Mwashi wa Mkomani
Mtaani kwetu Lamu kuna ukuta wa kale uliopigwa lipu ya sementi juu ya chokaa. Sasa unabambuka, na kila kipande kinaondoka na uso wa jiwe. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu toka chini. Chokaa huuachia upite, sementi huuziba, chumvi ikaganda nyuma yake na kusukuma. Wenye kujua kazi ya zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi, andikeni hapa.

Mkono wa Nakshi
Kazi yote iko katika kungoja. Bonyeza lipu kwa kidole gumba: ikiingia, bado, isipoacha alama, umechelewa. Ikiacha alama hafifu na kidole kikatoka kikavu, chonga. Sementi haikupi nafasi hiyo, maana inashikana ndani ya saa chache. Chokaa hukauka kwanza, halafu hurudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, ileile iliyofukuzwa matumbawe yalipochomwa tanuuni kwenye joto la karibu nyuzi 900. Kilo 100 za matumbawe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. Nyingine 44 zimepanda na moshi, na ukuta huzidai tena kidogo kidogo.
Mkono wa kwanza wa lipu, yaani tabaka la kwanza, usizidi milimita 12, wa mwisho milimita 2 au 3. Ukipiga nene kwa mara moja, utapasuka.

Pwani Tupu
Kweli tupu. Na wakati wa kaskazi tundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Ukikauka ghafla hauvuti hewa, unabaki unga.

Kijana wa Langoni
Mchanga chukueni kwenye vilima vya Shela, upo mwingi na mweupe.

Mwashi wa Mkomani
Hapana, mdogo wangu. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vyetu. Tena punje zake ni mviringo na za saizi moja, hazishikani. Tafuta mchanga wenye punje kubwa na ndogo, uuoshe kwa maji ya kisima mpaka usionje chumvi.

Maalim wa Maabara
Kipimo cha moja kwa tatu, chokaa moja kwa mchanga tatu, kina sababu. Jaza kopo mchanga mkavu, mimina maji yaliyopimwa mpaka yaonekane juu. Yatakuwa kama theluthi ya kopo. Hizo ndizo nafasi kati ya punje, na chokaa inatakiwa izijaze zote. Mchanga wako ukinywa zaidi, ongeza chokaa. Msikariri kipimo, kipimeni.

Binti Matondoni
Mnasifu nakshi mkasahau kuzima chokaa kwa maji! Kijana mmoja alitia chokaa mbichi ndani ya pipa la plastiki, akaimwagia maji juu. Ilichemka papo hapo, pipa likalainika likapasuka, uji wa moto ukamrukia usoni. Maji machache juu ya chokaa nyingi hugeuka mvuke na kulipuka. Tangulizeni maji mengi kwenye pipa la chuma, chokaa ifuate kidogo kidogo, miwani machoni.

Kijana wa Langoni
Jichoni hutiwa maziwa.

Jirani
Mimi nasikia ndimu, asidi inaua chokaa.

Binti Matondoni
Wallahi mtapofua watu! Maji safi tu, mfululizo, dakika 20 au zaidi, kope zimefunguliwa, halafu hospitali mara moja.

Mkono wa Nakshi
Ahsante dada. Na ikishazimwa, ichujwe, ilale chini ya maji miezi kadhaa. Punje isiyozimika huvimba baadaye na kutoboa nakshi iliyokwisha.

Mama Malindi
Hili linanifurahisha kila mara: koroga manjano kwenye spiriti, vunja pembe ya lipu, dondoshea. Nje patabaki njano, ndani patageuka nyekundu. Penye wekundu chokaa bado haijawa jiwe. Kwenye tambuu nako chokaa huleta wekundu, ila pale kinachogeuka ni popoo.

Kijana wa Langoni
Basi manjano yanafaa kwa rangi?

Mama Malindi
Hayafai mwanangu, jua huyala. Tumia udongo mwekundu uliosagwa, maji matupu bila gundi, juu ya lipu mbichi. Fuwele za chokaa ndizo zinazoufunga.

Maalim wa Maabara
Wachonga milango nao: ua la petali sita hutoka kwa bikari bila kuibadilisha, maana nusu kipenyo huingia mara sita kamili kwenye duara. Ua la petali saba halina njia kamili kwa bikari na rula.

Mkono wa Nakshi
Ipo ya kutosha, maalim. Chora nusu kipenyo, katikati yake simamisha mstari wima mpaka uguse duara. Urefu huo ndio hatua yako. Duara la nusu kipenyo cha sentimita 10 litapungukiwa milimita 1 na kidogo mwisho wa hatua ya saba. Igawe kwenye petali zote kabla hujashika patasi.