Bodi imekata mshahara wetu na inataka kupunguza walimu: nitie sahihi, na je, tujiunge na chama?

Bi Mwalimu, Njoro

Walimu wenzangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kutwa upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Nimesajiliwa na TSC, yaani Tume ya Huduma ya Walimu, lakini sijaajiriwa nayo. Tangu Januari 2019 mwajiri wangu ni Bodi ya Usimamizi wa shule, kwa hivyo mimi ni mwalimu wa BOM kama tunavyoitwa. Tuko tisa wa aina hiyo, nao wenzetu wa TSC ni saba.

Mwaka huu wa 2025 hatuna Kidato cha Kwanza, kama ilivyo katika shule zote za sekondari nchini, kwa sababu kundi la mwisho la mtaala wa zamani wa 8-4-4 liliingia mwaka 2024 na wanafunzi wa mtaala mpya watafika Gredi ya 10 Januari 2026. Mwanzoni mwa muhula huu wa pili mwalimu mkuu alituita ofisini na kutueleza kwamba bodi imeamua mshahara wetu ushuke kutoka shilingi 15,000 hadi shilingi 9,000, na kwamba kufikia mwisho wa muhula wanne kati yetu watakuwa wameondoka. Majina hakuyataja. Wiki iliyopita mhasibu alitupa kila mmoja karatasi inayosema kuwa mwalimu “amekubali kwa hiari” mshahara mpya, na tumeambiwa tuirudishe ikiwa na sahihi kabla ya Ijumaa ijayo.

Baadhi yetu wanasema tujiunge na KUPPET, chama cha walimu wa sekondari na vyuo, wengine wanasema walimu wa BOM hawana nafasi katika chama chochote. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwema na hakuniambia kwa ubaya, amenionya kuwa atakayeonekana kuongoza jambo hili ndiye atakayetangulia kuondoka. Nina wanafunzi 41 wa Kidato cha Nne niliowapokea wakiwa Kidato cha Kwanza, na wamebakisha miezi michache tu kabla ya mtihani wa KCSE. Nina kodi ya nyumba, na nina mtoto wa darasa la nne. Naombeni ushauri wa mtu anayelijua jambo hili: nitie sahihi au nisitie, na habari ya chama ina msingi au ni kujitafutia balaa?

Karani wa Sheria, Nakuru Mjini

Dada, pole sana. Nimefanya kazi katika ofisi ya mawakili kwa miaka mingi, na karatasi kama hiyo nimeiona mara nyingi. Jiulize kwanza kwa nini bodi inahitaji sahihi yako ikiwa uamuzi umekwisha kufanywa. Inaihitaji kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 10, inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya kazi yake, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Tangazo la ofisini si mashauriano, na sahihi yako ndiyo itakayoligeuza liwe mapatano.

Kuna jambo lingine ambalo walimu wengi hawalitambui mpaka wameshachelewa. Mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi au fedha zimepungua hulindwa na kifungu cha 40 cha sheria hiyo hiyo: apewe ilani ya mwezi mmoja kwa maandishi, afisa wa leba naye ajulishwe, siku za likizo alizobakiza zilipwe, na juu ya hayo alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili alioutumikia. Wewe umetimiza miaka sita, ambayo ni siku 90. Kwa mshahara wa 15,000, ukigawa kwa siku 30, utadai shilingi 45,000. Ukishakubali 9,000, dai lako linashuka hadi 27,000. Yaani karatasi hiyo itakukata kila mwezi ukiwa kazini, kisha itakukata tena siku ya kuondoka.

Ukilazimika kuipokea, andika juu yake “Nimeipokea, sijaikubali”, weka tarehe, na ubaki na nakala. Halafu iandikie bodi barua fupi yenye heshima, ukisema kwamba unaendelea kufundisha kwa masharti ya barua yako ya 2019. Usinyamaze, kwa maana ukipokea 9,000 kwa miezi mingi bila kulalamika, mwajiri anaweza kudai kwamba ulikubali kwa vitendo.

Nakuuliza pia: barua yako ya 2019 ina tarehe ya kumalizika? Wapo walimu wanaopewa barua za muhula mmoja mmoja, na mkataba wa namna hiyo ukifika mwisho wake huisha wenyewe, jambo linaloufanya utetezi wao kuwa mgumu zaidi.

Mstaafu wa Butere

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili. Nilishika chaki kwa miaka 34, na kwa miaka tisa nilikuwa mjumbe wa chama katika tawi letu, kwa hivyo nitajikita katika swali lako la pili.

Haki ya kujiunga na chama unayo, na hakuna bodi inayoweza kukunyang'anya. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki hiyo, na Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba uanachama au shughuli za chama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Ugumu uko kwingine. KNUT, chama cha kitaifa cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1957, na KUPPET, iliyokuja mwaka 1998, hujadiliana na TSC, na mikataba ya mishahara inayotiwa sahihi ni kati ya vyama hivyo na TSC. Wewe mwajiri wako ni bodi. Hata nyongeza ikipatikana Nairobi, haifiki kwenye hati yako ya mshahara.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mwajiri atakitambua chama iwapo kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Kwa TSC hiyo ni hesabu moja ya nchi nzima. Kwenu ninyi kila bodi ni mwajiri peke yake, kwa hivyo kazi ya kuhesabu watu inaanza upya katika kila shule, na shule jirani ikishinda, ushindi wake hauwavuki ninyi. Ndiyo maana walimu wa BOM, walivyo wengi nchini, wamebaki bila sauti, na hali hiyo inaniuma kwa sababu nimewaona wakibeba nusu ya ratiba kwa malipo yasiyotosha nauli na chakula.

Wala sitakudanganya kwamba chama ni dawa ya kila kitu. Mwaka 1997 tuligoma, tukaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu tano. Tulilipwa awamu ya kwanza, na tulipogoma tena mwaka 1998 tulirudi darasani mikono mitupu. Mwaka 2015 mahakama iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60, wakagoma wiki tano kuitetea, na kabla ya mwaka kuisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Kisha kuanzia mwaka 2019, KNUT ilipogombana na TSC, tume iliacha kukata ada za wanachama kwenye mishahara, na chama kilichokuwa na walimu zaidi ya 180,000 kikapoteza sehemu kubwa mno ya watu wake. Lakini kumbuka pia walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000: kesi yao ilisikizwa mahakamani, wakaandamana mwaka 2024, na Januari 2025 walimu 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Hao hawakusikika mmoja mmoja.

Mwakilishi wa Wazazi, Ahero

Nami niruhusiwe kusema, kwa kuwa ninakaa katika bodi ya shule moja huku Kisumu, na ningependa mwalimu aelewe upande wa pili. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, lakini hufika kwa vipande na kwa kuchelewa. Shule iliyokuwa na vidato vinne sasa ina vitatu. Ukipoteza wanafunzi 90, kwenye karatasi pekee umepoteza takriban shilingi milioni mbili, na mlinzi, umeme na kuni za jikoni havipungui kwa kuwa kidato kimoja hakipo. Bodi nyingi haziwachukii walimu. Zimekosa fedha.

Hata hivyo, bodi ya Njoro imekosea kwa kutangaza bila kufungua vitabu. Ombeni mkutano, muoneshwe hesabu. Huku kwetu, walimu walipoonyeshwa hesabu walikubali kupunguziwa vipindi pamoja na malipo mpaka Gredi ya 10 ifike, na hakuna aliyefukuzwa. Ninachokihofia ni mgomo. Shule ndogo ya kutwa ikigoma wiki mbili, wazazi huhamisha watoto, na kila mtoto anayehama anaondoka na mgao wake.

Mwalimu wa Kondele

Mzee wa Butere na mzazi wa Ahero wamesema kweli, lakini mimi yalinifika, basi nieleze yalivyokuwa. Nilikuwa mwalimu wa BOM katika shule moja ambayo sitaitaja. Tulipoambiwa tunapunguzwa, tuligundua kwamba wapishi na walinzi wa shule hiyo walikuwa wanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, taasisi za elimu na hospitali, kwa muda mrefu, na kwamba wao walipewa ilani ya maandishi ilhali sisi wenye shahada tulitajiwa majina yetu mbele ya gwaride. Tulimwendea katibu wa tawi lao kutaka ushauri. Akatuambia twende kwa afisa wa leba pamoja, siku moja, kila mmoja na barua yake, na tusiende kwa zamu. Tulikwenda watano.

Kazi sikurudishiwa. Ila baada ya miezi minane nililipwa mshahara wa mwezi wa ilani na siku zangu 15 za kila mwaka. Wenzetu wawili waliotia sahihi karatasi ya kujiuzulu kwa kuahidiwa kwamba wataitwa tena hawakupata kitu. Dada, kabla ya kuchagua chama, hakikisheni ninyi tisa mko pamoja, na msiwaache nje wafanyakazi wa jikoni, kwa sababu mwajiri wenu ni mmoja.

Bi Mwalimu, Njoro

Nawashukuru nyote. Nimeitafuta barua yangu ya 2019 na haina tarehe ya kumalizika. Wenzangu watatu wana barua za muhula, na jana jioni tulikaa nao tukawasomea maelezo ya karani. Kwa mzazi wa Ahero, nakubali kwamba fedha zimepungua, na sisi hatutaki mgomo wakati Kidato cha Nne wako karibu na mtihani. Lakini naomba uelewe kwamba kama bodi ingetuonyesha hesabu kabla ya kutuletea karatasi, huenda ningekuwa wa kwanza kukubali kupunguziwa vipindi.

Wawili kati yetu walikuwa wameshatia sahihi kabla sijaandika hapa. Saba tumeandika “Nimeipokea, sijaikubali”, na tumeambatisha barua moja ya kuomba mkutano wa hesabu pamoja na vigezo vitakavyotumika kuwachagua wanne hao. Mpishi mkuu na karani wa shule wameomba kuweka majina yao pia. Jumatatu, vipindi vya asubuhi vikiisha, wawili wetu watakwenda kwa afisa wa leba mjini Nakuru wakiwa na nakala zote, nami nitabaki shuleni kwa kuwa Kidato cha Nne wana marudio ya fasihi saa nane.

Karani, nina swali moja lililobaki: wale wawili waliotia sahihi, je, wanaweza kuandika kuiondoa kabla ya Ijumaa?

Karani wa Sheria, Nakuru Mjini

Waandike leo, wala wasingoje Ijumaa. Waeleze kwamba walipewa karatasi bila mashauriano na kwamba wanaiondoa sahihi yao kabla mshahara mpya haujalipwa. Siwaahidi kwamba bodi itakubali, lakini barua iliyoandikwa kabla ya malipo ya kwanza ina uzito ambao haitakuwa nao mwezi ujao. Nao waende na wenzao Jumatatu.